Mchungaji Akifuta Miwani

Siku za kazi Fundi Sauti alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye kibanda cha kutengeneza redio, pasi na feni, kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la viatu. Mezani kwake palikuwa na chuma cha kuchomea waya, kopo la skrubu zisizo na kwao, na redio kadhaa ambazo wenyewe walikwisha kuzisahau. Ukimletea redio iliyokufa, aliitikisa kidogo karibu na sikio, akaguna, kisha akakwambia urudi kesho. Ukirudi kesho unaikuta inaongea. Mikono ile haikuwa na masihara.

Siku ya ibada ndipo alipopanda cheo. Alikaa nyuma ya nguzo ya mwisho ya kanisa, juu ya jukwaa dogo la mbao, mbele ya mtambo wa sauti wenye vitufe vya kupandisha na kushusha, na hakuna neno lililosikika humo ndani bila kupita chini ya kidole chake. Kwaya ilipita hapo, matangazo yalipita hapo, na Mchungaji mwenyewe, pamoja na kifua chake chote, alipita hapo. Waumini wengi hawakulijua hilo. Wao walidhani sauti inatoka tu.

Sasa, kanisa hilo lilikuwa na utaratibu wa shuhuda. Baada ya wimbo wa pili, muumini yeyote aliruhusiwa kwenda mbele, kushika maiki na kueleza Mungu alivyomtendea. Utaratibu mzuri, nani atasema vinginevyo? Shida ni kwamba hapakuwa na mahali pengine pa kusemea, kwa hiyo kila mwenye lake moyoni alilivalisha nguo ya ushuhuda na kulipeleka mbele. Mwalimu mmoja mstaafu alimshukuru Mungu kwa kumjalia mgongo imara wa kuhimili mahubiri marefu kwenye benchi lisilo na egemeo. Mama mmoja wa kwaya alishukuru kwamba ameishinda hasira yake juu ya mtu fulani, hamtaji jina, ila amevaa gauni la zambarau na yuko safu ya pili. Kanisa zima likageuka kutazama safu ya pili.

Ndipo Mchungaji na Fundi Sauti walipowekeana alama. Mchungaji akivua miwani na kuifuta kwa leso, maiki inaharibika.

Na Fundi hakuikata kishamba. Alianza na mikwaruzo kidogo, kwa kuichezesha pini ya waya pale inapoingia kwenye mtambo, kisha sauti ikawa inakwenda na kurudi, halafu kimya. Hapo aliinuka na bisibisi mkononi, akatembea hadi mbele amekunja uso, akaikung'uta maiki, akaupapasa waya kutoka mwanzo hadi mwisho, akatikisa kichwa kama daktari aliyewaletea ndugu habari mbaya. "Waya," alisema kwa huzuni. Mtoa ushuhuda aliambiwa akae, Mungu ameshamsikia, na kwaya ikasimama kuimba. Wimbo ukianza, waya ulipona. Waumini walisema shetani hapendi shuhuda, na shetani, kama kawaida yake, hakujitetea.

Fundi aliiona kazi hiyo kuwa ya kulinda amani. Tena Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Ukifiwa alikuja kabla ya ndugu zako, ukilazwa ulimkuta pembeni ya kitanda. Aliogopa fujo tu, basi. Lakini kuna kitu ambacho Fundi hakukiweka kwenye mizani, nacho ni jina lake. Macho ya watu yalimwona fundi aliyeshindwa na waya mmoja mwaka nenda mwaka rudi. Wakaanza kupita mbele ya kibanda chake na redio zao kwapani, bila hata kugeuza shingo, wakielekea kwa fundi wa mtaa wa pili.

Aliyeumia zaidi kwa hilo ni mkewe. Mama Cherehani, kama mtaa ulivyomwita, alishona sare za shule barazani kwao, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, na kanisani alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Alikuwa na ulimi mwepesi, lakini ukigusa habari za mumewe uligeuka upanga. Siku moja sokoni muuza vitunguu alimwambia kwa kicheko kwamba kanisa lao lingetafuta fundi. Mama Cherehani alivirudisha vitunguu mezani, kimoja kimoja, hadi kikapu kikabaki kitupu.

"Mume wangu anafufua redio iliyookotwa jalalani," alisema. "Waya wa kanisa ndio mbovu. Usinitukanie mtu."

Jioni alimsimulia mumewe kisa chote, pamoja na jinsi walivyokula siku hiyo bila kitunguu. Fundi alishukuru, akashusha macho kwenye sahani.

Maana mtu aliyekatwa mara nyingi kuliko wote kanisani alikuwa huyohuyo Mama Cherehani. Jambo lake lilikuwa choo cha akina mama. Mlango wake ulishang'oka bawaba zamani, ukaegemezwa ukutani, na tangu hapo mwanamke akiingia ilibidi mwenzake asimame nje ametandaza mtandio. Ukija kanisani peke yako, ulijikaza mpaka baraka ya mwisho. Wazee wa kanisa, ambao choo chao kilikuwa na mlango, komeo na hata kioo, walisema jambo hilo liko kwenye kikao. Na kila Mama Cherehani alipofika mbele na kulitaja neno choo, Mchungaji aliona ukungu kwenye miwani yake. Sauti ikafa. Naye mama wa watu, akirudi kwenye benchi, alimpungia mumewe mkono kule nyuma ya nguzo, asivunjike moyo kwa ajili ya ule waya.

Mambo yangebaki hivyo kama Mchungaji asingeingia mtandaoni. Alinunua kistendi cha miguu mitatu, akaweka simu juu yake, akamwambia Fundi avute waya kutoka kwenye mtambo, na ibada ikaanza kurushwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa kanisa. Watu wa mbali wakawa wanafuatilia. Mmoja wao alikuwa mama mkwe wa Fundi, aliyekaa mji mwingine na ambaye miguu ilikuwa haimruhusu tena kusafiri. Huyo alituma mioyo myekundu tangu sala ya kufungua hadi matangazo ya usafi.

Mchungaji alipoona watazamaji wanaongezeka, kichwa kilivimba kidogo, akazidisha moto. Zile sala zake za vita zikawa kali maradufu. Piga, choma, adui yako aanguke leo hii, afe, asiinuke tena. Kanisani kila mtu alijua kwamba adui huyo ni wa kiroho, hana nyumba wala anwani. Mashine za mtandaoni hazikujua. Zilimwona mtu mwenye suti akihimiza umati uchome na kuua, zikaikata video katikati ya sala, na ukurasa wa kanisa ukafungiwa wiki nzima kwa kosa la kuchochea ukatili.

Kesho yake asubuhi Mchungaji alifika kibandani kwa Fundi, tai imekwenda upande, simu ameinyoosha mbele kama mtu aliyekamata panya mkiani.

"Soma hapa, ndugu yangu. Eti nimekiuka viwango vya jamii. Jamii ipi? Jamii yangu mimi inanijua."

Fundi alisoma, akarudisha simu.

"Hawakuniita," Mchungaji alisema. "Hawakuniuliza hata nilikuwa na maana gani. Nimekatwa mbele ya watu kama mlevi. Hebu fikiria, kuna mtu mahali amekaa nyuma ya mashine, anasogeza kidole tu, na mimi nanyamaza. Mtu anawezaje kufanya kazi kama hiyo na usiku akalala?"

Fundi aliinamia meza akachomea waya ambao haukuhitaji kuchomewa. "Labda ni waya, Mchungaji," alisema.

Mchungaji alimtazama kwa muda. Fundi hakuinua kichwa, na mpaka leo haijulikani kama neno hilo lilimtoka kwa mazoea au alilikusudia.

Palikuwa na kitufe cha kukata rufaa. Mchungaji alikibonyeza palepale, akaandika maelezo marefu yenye mistari ya Maandiko, na kabla hajairudisha simu mfukoni jibu likawa limeingia: ombi limepitiwa, uamuzi haubadiliki. Alikaa kwenye kigoda cha wateja. "Hata hawakusoma," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. Kusema kweli alitia huruma.

Alipopata nguvu alitoa agizo. Ukurasa ukifunguliwa, sauti ya mtandaoni isipite tena kwenye kitufe chochote ambacho mkono wa mtu unaweza kukishusha. Iende moja kwa moja, asiwepo mtu hapo katikati wa kuigusa. Fundi alijibu kwamba inawezekana, ataichukua sauti kabla haijafika kwenye vitufe. Kisha akauliza, kwa upole, kama ile alama ya miwani bado ipo.

"Hiyo ni tofauti," Mchungaji alisema. "Hiyo ni utaratibu."

Fundi aliifanya kazi hiyo mchana uleule, kwa ustadi wake wote, akarudi kwenye pasi ya mtu, na jambo lenyewe likamtoka akilini.

Ibada ya kurudi hewani ilijaza kanisa. Mchungaji alihubiri habari za kinywa. Kinywa chako amekiumba Mungu, alisema, basi ni nani aliyempa binadamu mwenzako kifuniko? Watu walipiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Akaomba kila mwenye simu afungue ukurasa wa kanisa palepale alipokaa, ili hao waliotufungia waone tuko wangapi. Fundi akaomba tu simu zizimwe sauti, maspika yasije yakapiga kelele. Zikazimwa zote, isipokuwa ya bibi mmoja wa safu ya mbele, ambaye hakujua panapozimiwa, akaitumbukiza kwenye mkoba ikiwa inanong'ona.

Ikafika zamu ya shuhuda. Mama Cherehani alikwenda mbele na boksi, akalifungua, akainua juu maiki mpya isiyokuwa na waya. Alieleza kwamba akina mama wamechanga, wameichagua wenyewe, na leo wanaikabidhi. Sababu aliitaja bila kupepesa macho: wamechoka kusikia mume wake anasemwa kwa makosa ya kipande cha waya. Fundi aliitwa mbele kuipokea. Alikwenda na jasho shingoni, akaiwasha na kuiunganisha na mtambo, na mkewe akamrekebishia kola ya shati mbele ya kanisa zima kabla hajamrudisha nyuma ya nguzo yake.

"Mchungaji alipokatwa kule mtandaoni nililia," Mama Cherehani alianza, na maiki ilikuwa nzuri ajabu, ilisikika mpaka barabarani. "Nilijua anavyoumia, kwa sababu na mimi huwa nakatwa, ingawa mimi ni waya tu. Leo hakuna waya. Kwa hiyo naomba nimalizie lile la choo."

Mchungaji akavua miwani.

Fundi aliiona leso. Kabla akili haijafika, kidole kilikuwa kimeshafika. Kitufe kilishuka, kanisa likawa kimya, na safari hii hapakutangulia hata mkwaruzo, kwa kuwa hapakuwa na pini ya kuchezesha.

Mama Cherehani aliigonga maiki. Akaipuliza. Akaigeuza na kuitazama chini. "Hata hii, jamani?" alisema peke yake, akamtazama mumewe kwa macho ya kumwonea huruma. Akina mama waliochanga wakaanza kutazamana na kuguna kwamba wameuziwa takataka.

Hapo ndipo mkoba wa bibi wa safu ya mbele uliposema, kwa sauti ya Mama Cherehani iliyochelewa kidogo, "Naomba nimalizie lile la choo." Bibi alishtuka akaukumbatia. Mkoba ukagongwa, tu, tu, tu. Mkoba ukapuliza, fuu. Vijana wa mabenchi ya nyuma walielewa kabla ya wakubwa, wakafungulia simu zao, na huku na huku, moja ikiwahi, nyingine ikichelewa, simu za kanisa zima zikauliza: hata hii, jamani?

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mama Cherehani hakucheka. Alikuwa amelala kitanda kimoja na fundi kwa miaka mingi, na alijua kwamba sauti ikiingia kwenye maiki na kutokea kwingine, maiki ni nzima, ila kuna kitu kimeizuia katikati. Alizitazama simu, akaitazama maiki, kisha akaitazama nguzo.

"Baba watoto," aliuliza, kwa sauti ya chini, ile ya chumbani. "Ni wewe?"

Swali hilo nalo likatoka kwenye simu, na bila shaka likafika na kwa mama mkwe.

Fundi alikuwa tayari ameshika bisibisi. Alijua la kufanya, kwa sababu alikuwa amelifanya mara nyingi mno. Angekwenda mbele, angekunja uso, angetikisa kichwa na kusema maiki hizi za siku hizi ni feki. Angeaminiwa, na Mchungaji angekaa salama. Lakini maiki yenyewe ndiyo hiyo iliyonunuliwa kwa ajili ya jina lake, na aliyeishika ndiye anayegombana na muuza vitunguu kwa ajili yake, na angegombana tena wiki ijayo, na wiki nyingine. Mchungaji alikuwa bado anafuta, leso inazunguka, angeweza kung'oa kioo. Fundi aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kutamani sakafu ipasuke. Akaiweka bisibisi chini, akapandisha kitufe.

"Endelea, mama," alisema kwa nguvu ili asikike. "Maiki ni nzima. Na ule waya ulikuwa mzima siku zote."

Kanisa liligeuka kumtazama yeye, kisha likafuata macho yake hadi kwenye leso ya Mchungaji. Mchungaji akaivaa miwani kwa haraka, mkono mmoja wa fremu ukalikosa sikio. Alifungua kinywa, kile alichoumbiwa na Mungu, lakini maiki ilikuwa mkononi kwa Mama Cherehani. Naye alimalizia. Alisema mlango, akasema bawaba, akasema mtandio, akasema habari za kujikaza mpaka baraka ya mwisho, wala hakuongeza chumvi, na kila neno lilisikika kwanza kwenye maspika na baadaye kwenye simu. Mashine za mtandaoni, zilizomfungia mtu wa Mungu kwa sala, hazikuona tatizo lolote na choo. Mama mkwe alituma mioyo mpaka kioo cha simu kikajaa. Maiki ilipomrudia, Mchungaji alisema mlango utapatikana, akaomba wimbo. Kwa mtu wa aina yake, hilo halikuwa dogo.

Njiani kurudi nyumbani Fundi alimwaga yote: leso, miwani, pini ya waya, kutikisa kichwa. Mkewe alikwenda mbele bila kugeuka. Nyumbani alivua viatu, akavaa miwani yake, akakaa kwenye cherehani, na hakusema kitu. Siku hiyo hakusema, kesho yake hakusema, na siku zilizofuata chakula kiliwekwa mezani, maji ya kuoga yaliwekwa bafuni, lakini neno hapana. Fundi alizungumza habari za jua, akazungumza habari za wateja, akawasema wazee wa kanisa, ambao bado walikuwa wanakaa kikao kuhusu ule mlango. Cherehani ndiyo iliyomjibu, kwa kelele zake.

Hatimaye alivuta kigoda akakaa karibu na mkewe. Alisema amekosa. Alisema watu wakimpita na redio zao anaweza kuvumilia, lakini yeye akinyamaza nyumba inamwelemea, na ni heri atukanwe. Mkono wa mkewe ulipunguza mwendo kidogo. Fundi akapata moyo, akaanza kueleza kwamba hata hivyo ukitazama vizuri, kwa upande mmoja, nia ilikuwa njema, kwa sababu kanisani bila amani, na Mchungaji naye kama binadamu—

Mama Cherehani alisimamisha cherehani. Akavua miwani, akachukua kipande cha kitambaa cha sare, akaifuta taratibu, kioo kimoja, kisha kingine, huku amemkazia macho.

Fundi alikatika palepale. Ncha ya mdomo wa mkewe ilicheza kidogo, kisha ikatulia. Fundi akainuka, akachukua bisibisi yake, na akatoka kwenda kutafuta bawaba.